Tatu Nyingi na Moja ya Mwisho

Jumatano, 1 Juni 1994. Lukozi.

Imekubali! Leo mchana, juu ya kilima nyuma ya vyoo vya shule, jua lilichomoza kwa muda wa kutosha na namba yangu ya saba ikakubali. 33,333,331. Haigawanyiki kwa chochote ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba tasa halisi!

Nimeigawanya tangu Pasaka. Si kwamba mimi ni mzito. Ni kikokotoo. Nilikinunua Mombo, kimetoka Dubai, siku hizi ruksa, kila kitu kipo madukani. Muuzaji aliapa kwamba hakitaki betri, kinakula jua. Hakuniambia kwamba Lukozi mwezi wa sita hatuna jua! Ukungu unashuka asubuhi na kukaa kama mgeni aliyekosa nauli. Basi mimi, Mwalimu Anord Shekivuli, mwalimu wa Hisabati tangu enzi za chaki za kugawiana, nimekuwa mtu wa kukimbia huku na huko mashambani mwa watu nikifukuza kipande cha jua. Wanafunzi wanacheka. Wacheke.

Nieleze hapa, hata kama hakuna atakayesoma. 31 ni tasa. 331 ni tasa. 3,331 vilevile. Unazidi kuongeza tatu mbele, ile moja inabaki mwisho, na kila mara namba inatoka tasa. Zote saba nimezipima kwa mkono wangu. Ya nane haiingii kwenye kikokotoo, maana ina tarakimu tisa na kikokotoo kina nafasi nane tu. Lakini ya nini kuipima? Saba zimekubali. Ya nane itakataa kwa sababu gani?

Mke wangu Raheli nilimkuta shambani aking'oa karoti, vidole vimekufa ganzi. Nikamwambia imekubali. Akasema vizuri, na je, nilikumbuka kumhamisha mbuzi? Sikukumbuka.

Alhamisi, 2 Juni.

Mwalimu Tobia ana redio mpya. Tangu aipate hatupumui. Leo ofisini alitangaza, kama yeye ndiye aliyehusika, kwamba mwaka huu Wamarekani wamepata kwa mashine namba tasa yenye tarakimu zaidi ya laki mbili na nusu. Walimu wote wakasema lo! Tobia akanitazama mimi. Namjua. Anautaka umwalimu mkuu msaidizi, na anajua kwamba nami nautaka, na anajua mkaguzi wa wilaya anakuja Jumanne.

Nilikunywa chai yangu. Ilipofika nusu kikombe nikapata wazo hadi nikajimwagia. Kama tatu zangu zikifuatwa na moja ni tasa siku zote, nani atanizuia kuandika tatu laki tatu na kumalizia na moja? Mashine ya nini? Kalamu, mkono, na uvumilivu! Marekani ipigwe mieleka kutoka Lukozi, mbele ya mkaguzi, Tobia akiwa ameshika redio yake.

Jioni akaja Kornelio. Kornelio ni kaka yake Raheli, ana pikapu, anashusha kabichi na kupandisha kelele. Safari hii hakupiga kelele. Alisema mama yao kule Bungu amezidiwa. Anataka kuwaona watoto wake wote, pamoja na mkwe wake.

Nikakaa nikafikiri. Mama mkwe huyu tumeitiwa mara saba. Mara saba nimeacha shughuli zangu, nikashuka Mombo, nikafika Korogwe, nikapanda tena milima hadi Bungu na jogoo kwapani. Na mara saba nimemkuta amekaa mlangoni anakunywa uji! Nikimwamkia shikamoo anaitikia, kisha ananisalimu kwa kilugha, onga mshi, mwanangu, na namba zako hazijambo? Sijui mtu mwingine duniani anayeulizia hali ya namba zangu. Nampenda yule mama. Hilo naliandika wazi.

Lakini mara saba ni mara saba. Mgonjwa aliyepona mara zote hizo atapona na ya nane. Nikamwambia Raheli atangulie, mimi nitafuata Jumatano mkaguzi akishaondoka. Kawia ufike. Kornelio akasema ngojangoja huumiza matumbo, na akatema mate karibu sana na kiatu changu.

Raheli hakubishana. Alifunga nguo zake, akanionyesha ulipo unga. Kisha akatoa blanketi jipya, la kijivu lenye mistari myekundu, alilolinunua kwa karoti zake. Akalikunjua, akalikunja tena, akaliweka kitandani kwangu. Akanikumbusha kwamba kwao blanketi la mama mkwe hupelekwa na mkwe mwenyewe, kwa mikono yake, na mwanamke halibebi. Akasema, Baba Secilia, usichelewe. Nikasema sitachelewa.

Jumamosi, 4 Juni.

Karatasi ni tatizo. Shule haina. Nimechana mifuko ya saruji ya msikiti unaojengwa barabarani, nikaunganisha vipande kwa uji mzito. Utepe mrefu kabisa! Ninaandika tatu tangu jana. Mkono umevimba. Baada ya muda tatu hazifanani tena na tatu, zinafanana na masikio. Naendelea.

Asubuhi nilitoka kwenda chooni. Kurudi, mbuzi wa Raheli yuko sebuleni anakula namba yangu. Uji umemnogea! Amekula kipande cha urefu wa mlango. Nilipiga ukelele jirani wakadhani moto. Halafu nikacheka peke yangu. Zote si ni tatu? Akila za katikati, nitaunga pande mbili, namba itakuwa fupi kidogo na bado itakuwa tasa. Namba gani nyingine duniani inaweza kuliwa na mbuzi isiharibike? Hiyo ya Wamarekani, aking'ata tarakimu moja tu, kazi yote imekwisha.

Jioni akala ile moja ya mwisho. Nikaandika nyingine.

Nyumba inavuja unyevu kutokana na ukungu, karatasi inalegea. Nimeuviringisha utepe wote ndani ya blanketi la mama. Litaukinga na unyevu na mbuzi kwa pamoja. Blanketi zuri kweli.

Nimekula ugali na chumvi. Sikujua Raheli anaweka wapi mafuta.

Jumapili, 5 Juni.

Kanisani mchungaji aliwaombea wagonjwa, na mama mkwe akatajwa. Watu wakageuka kunitazama, kwa nini mimi nipo hapa. Nikainamisha kichwa. Niliomba kwa dhati. Nilimwomba Mungu ampe mama nguvu, na jua Jumanne.

Mchana Kornelio alirudi kuchukua kabichi. Mama hali tena. Anaulizia, mkwe wangu wa namba amefika? Raheli anamwambia yuko njiani. Kornelio akasema gari lina nafasi mbele, nikae, twende, leo hii. Nikamkumbusha kwamba mara ile ya tano pia hakula kwa siku kadhaa, na nilipofika alikuwa ameshamaliza bakuli la ndizi. Kornelio akaniuliza kama mimi ni mtu au ni jiwe la mpaka.

Nilikata kipande cha utepe wangu, safu moja nzuri ya tatu na moja mwishoni, nikampa ampelekee mama. Nikasema amwambie hii ndiyo namba yenyewe, haijambo, na mwenyewe naileta iliyobaki Jumatano. Blanketi sikulitoa. Kwanza desturi hairuhusu alichukue mwingine. Pili lilikuwa na kazi.

Gari lilipozama kwenye ukungu nilitaka kulikimbilia. Ni kweli. Nilipiga hatua kadhaa. Halafu nikakumbuka mkaguzi.

Jumanne, 7 Juni.

Ole wangu.

Mkaguzi alifika saa nne. Tobia alikuwa amefundisha watoto wimbo wa kumkaribisha, wenye jina la mkaguzi ndani yake. Ujanja wa kitoto! Mimi nilikuwa nimeutandaza utepe kuzunguka darasa la saba, ukutani, ukatoka dirishani, ukarudi mlangoni. Haukufika laki tatu. Haukukaribia hata. Lakini ulitisha.

Nilieleza vizuri. Nasema kweli, sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile. Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akauliza swali moja tu: ile ya nane, yenye tarakimu tisa, nani aliihakikisha? Nikasema haina haja, mwendo wenyewe unaonyesha. Akasema hata hivyo, watoto wangefurahi kuona.

Tobia alisimama kabla mkaguzi hajafunga mdomo. Akaandika ubaoni 333,333,331. Akagawanya kwa saba, kukawa na baki. Kwa kumi na moja, baki. Kwa kumi na tatu, baki. Nikawa natabasamu. Watoto wakawa wanapiga makofi kwa kila baki, watoto wangu wale, nawapenda! Akaingia kumi na saba. Chaki ikateremka polepole. Kila akishusha tatu kunabaki kitu. Mwishoni akaishusha ile moja yangu. Hamsini na moja. Kumi na saba mara tatu. Baki sifuri.

Kumi na saba mara 19,607,843. Imegawanyika safi kabisa.

Mkaguzi alisema jitihada ni kitu kizuri. Kisha akauliza wapi pa kunawa mikono, kuku alikuwa tayari. Tobia hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniambia pole, mwalimu, namba ni jeuri, na akanisaidia kukunja utepe.

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na blanketi mapajani. Nilikuwa na hasira na Tobia, na hasira na kumi na saba. Zimekubali saba, zote saba, halafu ya nane inakataa bila kunionya! Nikayarudia maneno hayo kwa sauti. Saba zimekubali, ya nane imekataa. Hapo ndipo nikainuka ghafla.

Mama!

Niliogopa kama mtoto. Nilichukua blanketi nikakimbia barabarani. Hakuna gari. Magari yote ya mboga yameshashuka. Nilisimama kwenye ukungu mpaka nikaacha kuuona mkono wangu mwenyewe. Naandika haya nimevaa viatu. Alfajiri naondoka.

Alhamisi, 9 Juni. Bungu.

Nilifika jana mchana. Tangu chini kwenye mgeuko niliwaona wanawake wamekaa chini uani, kanga zimefungwa viunoni. Mlangoni pale pa uji hapakuwa na mtu.

Amefariki Jumatatu usiku. Wamemzika Jumanne, saa tisa, saa ile nilipokuwa nakunja utepe na Tobia. Waliningoja kidogo. Kisha wakaazima blanketi la kumzikia kwa jirani. Udongo wa kwangu Kornelio alinitupia, mara ya pili baada ya wake.

Nilisimama uani na blanketi langu jipya mikononi na hakuna aliyejua aniambie niliweke wapi. Mimi mwenyewe sikujua. Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya wakwe, na sioni haya kuliandika.

Raheli alinitolea kiti. Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia, akanipa taulo, akasema karibu. Alinikaribisha kama mgeni. Afadhali angenitukana.

Jioni ndipo akanieleza. Kile kipande cha utepe mama alikiweka chini ya mto. Jumatatu alikitoa, akamtaka Raheli amsomee. Raheli akasoma: tatu, tatu, tatu, tatu. Mama akacheka, akasema mkwe wangu huyu. Walipofika mwisho mama akauliza, na hii moja, maskini, mbona wameiacha peke yake huku mwisho?

Raheli akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme kitu.

Nikamweleza kwamba lazima iwepo, kwa sababu tatu tupu bila ile moja zingegawanyika kwa tatu.

Raheli akasema sawa. Akainuka akaenda kukoka moto.

Leo asubuhi mzee wao Silvano, ndugu wa marehemu baba mkwe, aliniita. Akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma, kwamba hakuna anayenifukuza wala anayemzuia Raheli. Lakini mkwe aliyekosa mazishi ana deni la heshima. Siku ya arobaini nije na mzee wangu mmoja, na kondoo, na blanketi langu. Nilifunike kaburi, niseme maneno yangu mbele ya watu, na Raheli nitaondoka naye siku hiyohiyo. Nisipokuja, na yeye hatakuja. Nikamuuliza Raheli kama ndivyo. Akasema ndivyo.

Nitakuja. Hata mvua ya mawe inyeshe, nitakuja.

Jumatatu, 13 Juni. Lukozi.

Karoti zimebaki ardhini, zinapasuka. Mbuzi hali kwangu. Nimemnyima utepe, akanuna. Nimeuchoma wote jikoni, tatu zote, ukanichemshia chai moja.

Nimeyapata mafuta. Yalikuwa nyuma ya mtungi. Pembeni yake mna mapeasi yaliyokaushwa, yamefungwa kwenye kitambaa. Mama hunitumia kila mwaka. Raheli alikuwa hajanipa bado. Nilikula moja nikashindwa la pili.

Hakuna anayeuliza kama namba hazijambo. Hazijambo. Nimeziacha. Nimekifungia kikokotoo sandukuni, na huko gizani kimekufa chenyewe. Tobia amepata ule umwalimu mkuu msaidizi. Nilimpongeza. Naona nimekuwa mtu mpya.

Jumamosi, 16 Julai.

Leo ni arobaini. Kila kitu kilikuwa tayari tangu jana. Kondoo yupo. Baba yangu mdogo Paskali alilala hapa kwangu na koti lake la Krismasi. Maneno nimeyakariri: nimekosa, sikuwa na sababu, nampenda Raheli. Kornelio alikubali kutupitia na pikapu saa mbili, bila kunisalimia, lakini alikubali.

Saa moja jua likachomoza. Jua! Mwezi mzima hatujaliona! Lilipiga mpaka ndani ya chumba. Nikasema acha nikianike kile kikokotoo kidogo, kisiharibike bure, si kwa kukitumia. Nikakitoa sandukuni. Kikafufuka. Sifuri ikasimama pale inanitazama.

Nikapanda nacho kilimani, na blanketi mabegani kwa ajili ya baridi. Kwa dakika moja tu. Nikajaribu kitu kidogo nilichokiota juzi. Anza na 41. Ongeza mbili, 43. Ongeza nne, 47. Ongeza sita, 53. Kisha nane, 61. Kumi, 71. Kumi na mbili, 83. Zote tasa! Nikaendelea: 97, 113, 131, 151. Zote! Hakuna tatu tatu za kipuuzi humu, hii ni namba yenye akili.

Chini Kornelio akapiga honi. Nikapaza sauti nikasema nakuja, namalizia hii. Nilikuwa kwenye 173. Akapiga tena. Nilikuwa kwenye 281. Baba mdogo aliita jina langu, lile la utotoni, mara nyingi. Nikasema jamani moja tu, moja tu. Honi ya mwisho ilikuwa ndefu sana. Nilipoinua kichwa pikapu ilikuwa mgeukoni, kondoo nyuma, baba mdogo mbele na koti lake. Wameenda kuniombea, nadhani. Mzee yupo, kondoo yupo. Blanketi tu ndilo limebaki, ninalo hapa mabegani.

Nilisikitika. Moyo uliniuma kweli, nikakaa chini kwenye majani. Lakini nikafikiri vizuri, kama mtu mzima. Nimezipima thelathini na zote zimekubali. Ile ya kwanza ilikuwa saba tu, ndiyo maana ikanidanganya! Thelathini haziwezi kudanganya. Zilizo mbele ya nini kuzipima?

Na Raheli nimeishi naye miaka mingi. Kila alipokwenda kwao alirudi. Kila mara, bila kukosa hata moja. Viazi vinakaribia kupandwa, na hajawahi kuviacha. Nitakwenda kumpokea barabarani Jumatatu. Tarumbeta za kumpokelea kama bibi harusi sina, lakini nitavaa shati jeupe.

Jua bado lipo. Natafuta ya thelathini na moja, kwa kujifurahisha tu.